Maduka Madogo ya Ukunda, Diani na Msambweni: Kinachouzwa na Kinakotoka

Makao makuu ya Kaunti ya Kwale yako juu kilimani, penye ofisi, mahakama na upepo mzuri, lakini anayetafuta duka hushuka Ukunda. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, mpakani na Tanzania, hapo hapo inapochepuka njia ya kuelekea baharini. Mwendo wa dakika chache kwa bodaboda au tuktuk watosha kumtoa mtu Ukunda ya mafundi cherehani, mitumba na vyombo vya nyumbani, ukamwingiza Diani ya hoteli, mikahawa na majengo ya maduka yenye maegesho. Kusini zaidi, ukishapita Gazi, kuna Msambweni, mji wa wavuvi na wakulima wa minazi ambao siku hizi unatajwa sana kwa sababu ya hospitali yake ya rufaa ya kaunti.

Hakuna hata mmoja kati ya miji hii mitatu unaoitwa jiji. Lakini ukiichukua kwa pamoja, ina maduka ya kujitegemea ya kila namna: ya leso na vikoi, ya madera na mabuibui, ya vinyago, ya shanga, ya vikapu, ya korosho na asali, ya viungo, ya mavazi ya kuogelea, ya samani zilizotengenezwa kwa mbao za majahazi makuukuu. Maduka haya si matawi ya kampuni yoyote. Mwenye duka ndiye anayechagua mali, ndiye anayepanga bei, na mara nyingi ndiye aliyeketi nyuma ya kaunta. Kwa hiyo kila duka lina tabia yake, na mnunuzi asiyeijua tabia hiyo hulipa zaidi ya anayeijua.

Maduka haya yanaishi kwa wateja wa aina mbili wasiokutana mara kwa mara. Wa kwanza ni mgeni: mtalii wa Ulaya, familia ya Nairobi iliyokuja kwa treni ya Madaraka, iliyoanza safari zake mwaka 2017, au kwa ndege ndogo zinazotua Ukunda, na wazungu wastaafu waliojenga Diani na Galu. Wa pili ni mwenyeji: mama wa Kidigo anayeandaa arusi, mwalimu wa Msambweni anayetaka kanzu ya Idi, mfanyakazi wa hoteli anayempelekea mkewe dera mwisho wa mwezi. Mgeni hununua kitu cha kukumbukia safari, na mwenyeji hununua kitu cha kuvaa kesho. Duka lililoweka matumaini yake yote kwa mgeni hunona Desemba na kukonda Mei. Lile linalomtegemea mwenyeji peke yake halinoni sana, lakini mlango wake haufungwi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika bei. Leso ile ile, ya kiwanda kile kile, huuzwa kwa bei moja Ukunda na kwa bei kubwa zaidi kwenye duka la Diani lenye kiyoyozi na muziki wa polepole. Wengi hukimbilia kusema ni wizi. Wizi upo, lakini si kila bei kubwa ni wizi. Mwenye duka la Diani huenda alilipa kilemba kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na kodi yake ya mwezi hailingani na ya kibanda cha njiapanda. Ana mfanyakazi anayezungumza Kijerumani au Kiitaliano, ana bili ya umeme, ana kibali cha biashara cha kaunti cha kulipia kila mwaka, na anajua kwamba masika yakianza, kati ya Aprili na Juni, hoteli kadhaa hufunga vyumba. Kodi ya miezi hiyo lazima itoke kwenye mauzo ya Krismasi hadi Machi, na ya Julai na Agosti. Tena mara nyingi leso hiyo haipo kama ilivyotoka kiwandani. Imeshonwa ikawa gauni la ufukweni, mfuko, au shati la mikono mifupi, na kazi ya fundi imeingia katika bei. La kuuliza basi ni hili: nyongeza hiyo imelipia kazi, au imelipia kiyoyozi tu?

Leso inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo bidhaa inayouzwa pande zote mbili za njiapanda. Ni vipande viwili vya pamba vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa kama mita moja na kidogo. Huwa na pindo kuzunguka kingo zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Hutoka kiwandani vipande vikiwa bado vimeshikana. Mnunuzi huvikata na kuvipiga pindo mwenyewe au kwa fundi. Kwa watu wa Pwani ya Kenya, mtaa wa leso ni mmoja tu, Mtaa wa Biashara, Mombasa, ambako familia ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikiuza tangu mwaka 1887. Leso zake hutambulika kwa chapa ya Mali ya Abdulla, na yeye ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo wa kuweka maneno ya Kiswahili kwenye leso, mwanzoni mwa karne ya 20. Wauzaji wengi wa Ukunda na Msambweni huvuka feri kwenda kununua jumla mtaani humo, au huletewa mzigo na mawakala.

Mnunuzi mwenyeji haanzi na rangi. Huanza na jina. Muuzaji anayeijua kazi yake hukunjua kitambaa upande wa maneno kwanza, akamwachia mteja asome, kisha ndipo akafungua mji. Leso ya kumpa mama mkwe haiwezi kuwa na jina la kumsuta jirani, na yenye maneno ya mahaba haipelekwi matangani. Mgeni asiyesoma Kiswahili hununua rangi, halafu huenda akatembea ufukweni na kijembe kikali mgongoni bila habari. Duka zuri humtafsiria. Duka lenye haraka humwambia kwamba maneno yote ni ya amani na upendo. Ipo pia kisutu, leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya zamani kuliko majina yenyewe, ambayo katika arusi za Pwani ina nafasi isiyochukuliwa na nyingine. Muuzaji wa leso asiye na kisutu dukani ana maelezo ya kutoa.

Ubora hupimwa kwa vidole. Leso mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga, lakini si ugumu wote ni ubora: kitambaa chepesi hupakwa wanga mwingi ili kionekane kizito. Ukikisugua kati ya viganja viwili, wanga hutoka kama vumbi na wepesi wake ukabainika. Pamba halisi hunywa jasho, ile iliyochanganywa na nailoni huteleza na kung'aa. Kuhusu rangi, muuzaji mkweli atasema mapema kama leso inachuja, na atashauri ilowekwe peke yake kwenye maji ya chumvi mara ya kwanza. Nyingi zinazouzwa Kenya leo huchapwa India, nyingine hutoka viwanda vya Tanzania na kupitia Lunga Lunga. Cha ajabu ni kwamba Kwale yenyewe inalima pamba. Wakulima wa kaunti hii wamekuwa wakilima kwa mpango unaohusisha kampuni ya mavazi ya Australia, Cotton On. Pamba inaondoka mbichi kwa lori, na leso inarudi kwa robota.

Msambweni leso ina wateja wake wa pekee. Mji wenye hospitali kubwa una wajawazito, na mjamzito wa Pwani hafungi mfuko wa kwenda kujifungua bila leso kadhaa: ya kujifunga, ya kumpokelea mtoto, ya kumbebea. Karibu na hapo kuna msiba, kwa maana hospitali ni hospitali, na mwanamke haendi matangani kichwa wazi. Hivyo duka dogo la Msambweni huuza leso mwaka mzima bila kumngojea mtalii hata mmoja. Wenye maduka hayo hujua nani kajifungua na nani kafiwa, na wengine hukopesha kwa daftari. Kukopesha kwa daftari ni huduma ambayo hakuna duka kubwa lenye mashine ya kadi linaloweza kuitoa.

Kikoi ni jambo jingine. Kinafumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kufumwa, kwa hiyo mistari yake huonekana sawasawa pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja tu ni kitambaa cha mistari, si kikoi. Zamani lilikuwa vazi la mwanamume, mvuvi kwa mzee wa barazani. Maduka ya Diani yamekifanya taulo la ufukweni, pazia, kitambaa cha meza na suruali ya watoto. Vile vinavyofumwa kwa mkono huonyesha kasoro ndogo za nyuzi ambazo mashine haiziachi, na vishada vya mwisho husokotwa kimoja kimoja. Visipokatika vikivutwa kidogo, mfumaji hakuwa na haraka.

Mnunuzi mwenye akili hutenganisha duka la kitambaa na duka la ushonaji. Ukunda imejaa mafundi cherehani, wengine wakiwa kwenye varanda za maduka ya vitambaa, na wao ndio nguzo isiyoonekana ya biashara ya Diani: baadhi ya nguo zinazotundikwa kwenye vioo vya maduka ya ufukweni hushonwa na mikono hiyo. Anayenunua kitambaa mwenyewe, akapeleka nguo ya mfano inayomkaa vizuri, atashonewa kwa siku chache kwa bei isiyofika ile ya dukani. Lakini fundi ana tarehe zake. Akisema Ijumaa, ni vyema ndege iwe ya Jumatatu. Wiki mbili za mwisho za Ramadhani hakuna fundi wa Ukunda anayepokea kazi mpya kwa moyo mkunjufu.

Msimu huo wa Ramadhani ndio Krismasi ya wenye maduka ya mavazi ya heshima. Baada ya tarawehe taa huwashwa, watoto hupimwa kanzu na viatu, akina mama hupekua madera na mabuibui yaliyoingia karibuni kutoka Dubai au Mombasa, na biashara huendelea hadi usiku mkubwa. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya kofia. Kofia ya mkono hutobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano, kazi ya wiki nyingi. Kofia ya mashine hufanana nayo kwa mbali. Anayetaka kujua huigeuza ndani: ya mkono ni safi ndani karibu kama nje, ya mashine ina nyuzi zilizoachwa zinaning'inia. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa sana, na inastahili.

Kwa mgeni, hata hivyo, duka la Pwani lina maana ya duka la vinyago. Maduka hayo yapo kando ya barabara ya ufukwe, kwenye milango ya hoteli, na kwenye vibanda vilivyopangwa karibu na mchanga. Hapa swali la kinakotoka kitu ndilo lenye uzito, kwa sababu kinyago kinachouzwa kama ukumbusho wa Diani mara nyingi hakikutoka Diani. Wadigo si jamii inayojulikana kwa uchongaji wa sanamu za kuuza. Biashara ya vinyago nchini Kenya ni ya Wakamba kwa asili, na huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akarudi nyumbani na ufundi huo. Wachongaji wakafuata watalii pwani, na mwaka 1963 chama cha ushirika cha Wakamba kikaanzishwa Changamwe, Mombasa. Vifaru, twiga na vinyago vingi vinavyouzwa Diani vimetoka katika karakana kama zile. Mawe ya sabuni yametoka Tabaka, Kisii. Viondo vimetoka Ukambani na Taita. Picha zenye chui wa madoadoa na ndege wa rangi kali ni mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata shanga ndogo za kioo za mkufu wa Kimaasai zina nasaba ya mbali, kwani kwa miongo mingi zilizo bora zaidi zimekuwa zikiagizwa kutoka Jamhuri ya Cheki.

Hakuna ubaya wowote katika hayo. Pwani imeishi kwa kuuza vya watu tangu enzi za majahazi. Ubaya ni pale muuzaji anapodai kwamba babu yake wa Kinondo ndiye aliyekichonga.

Mti wenyewe ni suala la pili. Mpingo na muhugu vilikatwa kwa wingi mno katika karne iliyopita, na watu wa uhifadhi wakawashawishi wachongaji wahamie kwenye miti inayokua haraka na kupandwa mashambani, hasa mwarobaini na mwembe. Kinyago cha mwarobaini ni chaguo jema kwa misitu, lakini hakina weusi, na mtalii anataka weusi. Suluhisho la wasio waaminifu ni rangi ya viatu. Mpingo halisi ni mzito ajabu kwa ukubwa wake, na huzama majini. Kitambaa chenye unyevu kikisuguliwa chini ya kitako cha sanamu kikatoka na weusi, jibu limepatikana. Muuzaji wa kweli hakasiriki kuona jaribio hilo likifanywa. Jambo jingine ni unyevu wa mti mbichi: kinyago kikipelekwa mahali pakavu, Nairobi au Berlin, hupasuka. Nyufa ndogo zilizozibwa kwa nta na vumbi la mbao ni dalili kwamba kilianza kupasuka kikiwa bado dukani.

Ufukweni kuna aina ya duka lisilo na mlango. Kijana hushika kipande cha mti chenye umbo la samaki, cha kutundikia funguo, akamuuliza mgeni jina lake na majina ya watoto wake. Mgeni akijibu kwa adabu, kisu kinaanza. Dakika tano baadaye majina matatu yamekwisha kuchongwa, kwa herufi nzuri kwa kweli, na mwenye majina hajui aseme nini. Wenyeji hucheka, lakini kijana huyo ana ujuzi, na samaki wake hugharimu kidogo kuliko chakula cha mchana hotelini. Asiyetaka aseme mapema kwamba hataki. Majina yakishaingia kwenye mti, hakuna mteja mwingine atakayeyanunua.

Kilicho cha Kwale hasa ni kingine, na kwa bahati mbaya hukaa rafu za chini. Kwanza ni mkeka na jamii yake ya vikapu na vipepeo. Wanawake wa Kidigo hukata makuti machanga ya mkindu au mkoma, huyaanika, huyachemsha pamoja na rangi, huyachana kwa wembamba unaolingana, kisha husuka ukili, utepe mrefu unaopimwa kwa pima za mkono. Ukili ukitosha, hushonwa mstari kwa mstari mpaka mkeka ukapatikana. Ni kazi inayofanywa katikati ya kazi nyingine, jioni, barazani, na mkeka mmoja mkubwa unaweza kuchukua wiki kadhaa. Mkeka mzuri hauonyeshi mwanga ukiinuliwa juani, na mishono yake haihisiki kwa kiganja. Wapo wanaouza kwa mkono mmoja mmoja kwenye maduka ya Ukunda, na wapo walio katika vikundi. Kisiwani Wasini, wanawake wanaoendesha njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe huwauzia wageni leso na kazi za mikono hapo hapo. Gazi, kijiji cha mradi wa Mikoko Pamoja uliojulikana duniani kwa kuuza hewa ya ukaa ya mikoko, nacho kina kikundi cha wanawake wenye njia ya mbao msituni. Pesa ya bidhaa ikilipwa mahali kama hapa haipiti mikono mingi.

Pili ni vyombo vya mnazi, ambavyo vimejaa sokoni na havijaingia kikamilifu kwenye maduka ya kifahari: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, upawa na kata za kifuu. Havikutengenezwa viwe mapambo, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mbuzi nzuri haichezi mtu akiikalia, na meno ya chuma chake yamenolewa sawasawa pande zote. Tatu ni vyakula. Msambweni na vijiji vyake ni nchi ya korosho na nazi, na wenye mizinga ya nyuki wapo hadi ukingoni mwa Shimba Hills. Korosho nzuri ya kukaanga ni nyeupe ikiwa na madoa machache, haina harufu ya mafuta ya zamani, na nzima ni nyingi kuliko zilizovunjika. Mafuta ya nazi ya nyumbani hutambulika kwa harufu. Yasiyo na harufu kabisa yamepita kiwandani. Mabuyu mekundu ya sukari na achari za embe huuzwa kila mahali na hayahitaji maelezo.

Vipo vitu ambavyo duka lolote la heshima haliuzi. Pembe ya ndovu na gamba la kasa ni kosa kubwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Makombe makubwa na matumbawe yanayopitishwa ufukweni kwa siri hukamatwa uwanja wa ndege, na anayebaki na kesi ni abiria. Kuna na vigango. Hizi ni nguzo za mbao ambazo Wamijikenda, hasa Wagiriama, huzisimamisha kwa ajili ya wazee wao waliokufa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ziliibwa kwa wingi, zikauzwa kupitia maduka ya sanaa ya Pwani, zikaishia katika makumbusho na majumba ya watu Marekani. Kalume Mwakiru wa Kilifi aliibiwa viwili mwaka 1985. Wataalamu walivifuatilia hadi vikapatikana, na mwaka 2007 familia yake ilikabidhiwa, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki. Anayeonyeshwa nguzo ya zamani yenye nakshi za pembetatu na kichwa cha duara, akaambiwa ni pambo la bustani, amesimama mbele ya kumbukumbu ya marehemu wa watu.

Juu ya kupatana bei, kanuni ni nyepesi. Penye karatasi ya bei, bei ni hiyo, labda mteja anayenunua vingi aombe kupunguziwa. Pasipo na karatasi, bei ya kwanza ni salamu tu. Mwenyeji hupunguza kwa utulivu, akichanganya maneno ya nyumbani: mama, nifanyie ya jirani, kaka, ongea vizuri basi. Ukali hausaidii, na kutaja robo ya bei kwa kejeli humaliza mazungumzo. Asubuhi ni wakati mzuri, kwani wauzaji wengi hawapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Huogopa kuvunjika siku. Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: mali nyingi za vinyago na vikapu dukani ni mali kauli. Mchongaji au msusi amemkabidhi mwenye duka kwa makubaliano ya mdomo, naye hulipwa kitu kikishauzwa. Mwenye duka akipunguza mno, yeye hupoteza kidogo ya faida, na sehemu kubwa humwangukia yule asiyekuwapo pale kutetea bei yake. Kuuliza kwa upole kama mali ni ya kununuliwa au ya kauli ni njia nzuri ya kujua mazungumzo yafike wapi.

Malipo hayasumbui tena. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, na baadaye nambari za till kuenea madukani, hata muuzaji wa kofia kando ya barabara hupokea bila kugusa noti. Jina linalotokea kwenye simu lilingane na la duka, na ujumbe uhifadhiwe, kwani mara nyingi ndiyo risiti pekee itakayopatikana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo mzigo hufungwa kwa gazeti au mfuko wa kitambaa, na wenye busara huja na kikapu chao. Wenye maduka ya mavazi wamehamia pia kwenye simu. Picha za madera mapya hupandishwa WhatsApp na Instagram asubuhi, mteja wa Tiwi huagiza, bodaboda hupeleka. Baadhi wamefunga kabisa chumba cha kupanga wakabaki na kabati nyumbani, na hapo mnunuzi amepoteza haki moja ya zamani, ya kugusa kitambaa kabla ya kulipa.

Je, maduka haya yatadumu? Yamepita katika mengi. Agosti 1997 ghasia za Likoni zilisambaa kusini, vibanda vikachomwa, na watalii wakakimbia kwa misimu kadhaa. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu Mombasa, na kampuni za safari zikawaondoa wageni wao. Machi 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya korona hadi Agosti mosi, na maduka mengi ya Diani yalibaki na mali isiyo na mnunuzi. Kabla ya hapo, Nakumatt, duka kubwa lililokuwa na tawi Diani na kudhaniwa kuwa litawameza wadogo, lilianguka lenyewe kwa madeni. Wadai wakakubali livunjwe mwaka 2020. Waliovumilia vyema zaidi ni wale waliokuwa na mteja wa pili, mwenyeji. Wengi wa Diani walijifunza hapo kuweka madera na mashati ya watoto kando ya vinyago, na kuandika bei kwa shilingi peke yake badala ya yuro.

Sasa safari ya kutoka Mombasa si ya feri ya Likoni pekee. Barabara ya Dongo Kundu inamleta mtu wa Miritini hadi pwani ya kusini bila kuvuka maji, na imemrahisishia mwenye duka kuchukua mzigo Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo. Imemrahisishia pia mteja wa Ukunda kwenda kununua Mtaa wa Biashara mwenyewe. Wauzaji wa leso wa Msambweni wamejibu kwa kugeukia upande wa pili: masika yakipoa, huenda Lunga Lunga, wakavuka mpaka wa Horohoro hadi Tanga, wakarudi na majina ambayo hayajafika Mombasa.